Mgeni Siku ya Tatu Mpe Jembe: Historia ya Kulaza Wageni Katika Nchi ya Rungwe

Leo tunaweka jembe chini kidogo, tuzungumze juu ya mgeni. Usishangae. Mgeni naye ni jambo la shamba, kama vile ng'ombe, mbolea na soko. Nataka tuangalie zamani mgeni alilala wapi katika nchi ya Rungwe, nani alimlisha, nani alilipwa na nani hakulipwa. Tukiijua historia hiyo, tutaamua vizuri juu ya jambo ambalo limekwisha fika mlangoni: watalii wanaotaka kulala katika nyumba ya mkulima, kula chakula cha shamba lake, na hata kushika jembe lake.

Tuchukue Isongole. Kama hujafika huko, Isongole iko katika barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tukuyu na mpaka wa Malawi. Ni nchi ya baridi, ukungu na udongo wa volkano, na viazi mviringo vyake vinajulikana mpaka Dar es Salaam. Upande mmoja uko Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960. Upande mwingine, katika milima ya Poroto, kuna Ziwa Ngozi, lililolala ndani ya shimo la volkano. Mtu anayepanda Rungwe kwa njia ya kaskazini huanzia Isongole, na anayekwenda Ngozi hupita jirani. Lakini wengi wa watu hao hulala Mbeya au Tukuyu. Wanapita asubuhi, wanarudi jioni, na kijiji kinabaki kinatazama kisogo cha gari. Hapo ndipo penye swali letu.

Salamu inayouliza usingizi

Wanyakyusa wakikutana husalimiana "Ugonile". Wenye lugha wanajua kwamba neno hilo linatokana na kulala. Ni kama kuuliza: umelala vyema? Watu ambao salamu yao inaulizia usiku wa mwenzao hawakuona kumlaza mgeni kuwa jambo dogo.

Kati ya mwaka 1934 na 1938, wataalamu wawili wa mila, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walikaa Rungwe wakijifunza maisha ya watu. Mwaka 1951 Monica Wilson alitoa kitabu, na ndani yake alilieleza kwa kirefu neno moja la Kinyakyusa: ukwangala. Maana yake ni kukaa pamoja na wenzako kwa furaha, mkila, mkinywa na kuzungumza. Mtu aliyekula peke yake alitiliwa shaka. Heshima ya mtu ilipimwa kwa watu waliokaa kwake wakashiba.

Jambo jingine walilolieleza ni vijiji vya rika. Mvulana akifika umri wa miaka kumi hivi, alitoka nyumbani kwa baba yake akaenda kulala na wenzake wa rika katika vibanda vyao. Lakini kula bado walikula kwa mama zao, tena kwa kundi: leo kundi zima linakwenda kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Ndugu mkulima, liweke akilini jambo hili la zamu. Tutalirudia mbele.

Na kabla hatujaendelea, tujiulize: chakula cha ukwangala kilipikwa na nani? Maji yalitekwa na nani? Ni akina mama. Mzee alipata sifa ya ukarimu akiwa amekaa kigodani, lakini sifa ile ilibebwa kichwani na mama kutoka mtoni. Na hili nalo tutalirudia.

Waswahili nao wana methali yao: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengine huisema kwa mzaha, kama maneno ya kumfukuza mtu. Lakini ukiitazama vizuri, methali hii ina hesabu ndani yake. Inasema kwamba ukarimu una mpaka, na kwamba mgeni anayekaa sana lazima aingie katika kazi ya nyumba. Hakuna nyumba ya mkulima inayoweza kulisha mikono isiyofanya kazi mwaka mzima.

Mgeni mwenye amri

Mwaka 1879 Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti, alipita na msafara wake kufika kichwa cha Ziwa Nyasa. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian walifungua kituo chao Rungwe. Kisha ikaja Serikali ya Wadachi, na Tukuyu ikaitwa Neu Langenburg. Wageni hawa walitofautiana na wageni wa zamani. Hawakuja siku mbili, na siku ya tatu hawakupewa jembe. Wao ndio waliowapa wenyeji jembe.

Mei 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza yakitoka Nyasaland yaliiteka Neu Langenburg. Katika vita ile, huku kwetu na kwingineko Afrika Mashariki, majeshi ya pande zote mbili yalikula chakula cha wanavijiji na kuchukua vijana wao kuwa wapagazi. Wengi wao hawakurudi.

Baada ya vita Waingereza walitawala, na ofisa wa wilaya alitembea katika eneo lake kwa safari za siku nyingi. Alilala katika kambi au katika nyumba ndogo iliyojengwa kwa ajili yake, ambayo watu waliiita resthausi. Kuni, maji, kuku na mayai vililetwa na wenyeji, na amri ilipitia kwa malafyale na watu wake. Pengine kililipwa kitu, pengine hakikulipwa, lakini aliyeleta kuku hakupanga bei.

Tunajifunza nini hapa? Tunajifunza kwamba kulaza wageni si lazima kuwe baraka. Mgeni yule yule, kitanda kile kile, kuku yule yule: mwenyeji akitoa kwa hiari yake, ni ukarimu, akiuza kwa bei yake, ni biashara, akitoa kwa amri, ni mzigo. Wazee wetu wameyajua yote matatu. Kwa hiyo mtu yeyote akija kijijini kwako leo na kusema, "Nyinyi pokeeni wageni tu, mambo ya bei niachieni mimi," mkumbuke resthausi.

Msafiri wa miguu na msafiri wa ndege

Katika miaka ya 1930 dhahabu ya Lupa, huko Chunya, iliwaita vijana wengi wa Rungwe. Walikwenda kutafuta fedha za kodi, nguo na mahari. Wengine baadaye walikwenda mbali zaidi, mpaka migodi ya shaba ya Zambia ya leo na migodi ya Afrika Kusini. Safari za miguu zilikuwa ndefu, na aliyekuwa na ndugu au rafiki njiani alilala kwake, akaota moto, akala alichokuta.

Wakati huo huo, tangu mwaka 1932, ndege za Imperial Airways zilizotoka Misri kwenda Afrika Kusini zilikuwa zikitua Mbeya. Msafiri yule alilala hotelini, kwenye shuka nyeupe, akalipa. Basi tazama: katika nchi moja, mwaka mmoja, kulikuwa na malazi ya namna mbili. Moja ilikuwa kwa mkulima, haikuwa na bei. Nyingine ilikuwa mjini, ilikuwa na bei, lakini haikuwa ya mkulima. Mkulima alikuwa anauza mayai tu kwenye mlango wa nyuma wa jiko.

Baada ya Uhuru barabara ziliboreshwa, na mwaka 1976 reli ya TAZARA ikaanza kazi rasmi. Wafanyabiashara, walimu, madereva na wagonjwa waliokwenda hospitali walihitaji pa kulala. Ndipo gesti zikaongezeka katika miji yetu, na msafiri akazoea kulipia kitanda. Gesti zimesaidia sana. Lakini gesti ni ya mjini au ya kituo cha basi, na mwenye gesti si lazima awe mkulima.

Serikali nayo ilijenga hoteli kubwa kwa ajili ya watalii. Hoteli ya Kilimanjaro ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965, na baadaye zikajengwa nyingine katika mbuga za kaskazini. Mwaka 1970 ulizuka mjadala mkali magazetini. Wengine, hasa vijana wa Chuo Kikuu, walisema kwamba mtaji mwingi unamezwa na hoteli za kuwastarehesha wageni, na kwamba tutarudi kuwa watumishi. Wengine walijibu kwamba nchi inahitaji fedha za kigeni. Maneno hayo yalikusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Mjadala ule ulihusu zaidi hoteli kubwa. Ni swali jema hata leo, ila sisi tuliulize kwa namna ya kijijini: mgeni akilala, fedha ya usiku ule inalala wapi?

Mashamba yanayolaza wageni

Katikati ya miaka ya 1990, shirika la maendeleo la Uholanzi liitwalo SNV lilisaidia vijiji vya kaskazini, kama Longido, Mto wa Mbu na Ng'iresi, kuanzisha utalii wa utamaduni. Mtalii aliongozwa na kijana wa kijijini, akala chakula kilichopikwa na akina mama wa pale, na akalipa ada ya maendeleo ya kijiji. Ada hiyo ilikusudiwa shughuli za wote: shule, maji, josho la ng'ombe. Baadaye mpango ukawa chini ya Bodi ya Utalii Tanzania, ukaenea mikoani.

Kwenye nyanda zetu za juu kusini yako mashamba makubwa yaliyojifunza kuuza usingizi pamoja na mazao. Kisolanza, kando ya barabara kuu kati ya Iringa na Mafinga, ni shamba ambalo wasafiri wa masafa marefu wanalijua kwa malazi, mboga na nyama ya hapo hapo. Utengule, karibu na Mbeya, mgeni analala katikati ya mibuni. Na Hoteli ya Marangu, chini ya Kilimanjaro, ilianza kama nyumba ya shamba la kahawa. Hawa ni wakulima wakubwa, wenye mtaji. Lakini siri yao moja haihitaji mtaji mkubwa: mgeni anakula kinachotoka shambani.

Ulaya nako wakulima wadogo walipita njia hii. Ufaransa, baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana walikuwa wanakimbilia mijini na nyumba za shambani zikibaki tupu. Mwaka 1951 ilifunguliwa nyumba ya kwanza ya kupangisha wageni mashambani, na mwaka 1955 wenye nyumba hizo wakaunda chama chao cha taifa. Italia ilitunga sheria mwaka 1985. Sheria ile ilisema wazi kwamba anayelaza wageni kwa jina la shamba lazima awe mkulima kweli, na kilimo lazima kibaki kuwa kazi kuu. Mtu akiacha kulima akabaki na vitanda, huyo si mkulima tena, ni mwenye hoteli.

Nakuomba ulishike hilo, ndugu mkulima, kwa sababu ndilo linaloigusa Isongole. Msitu wa Rungwe umepata jina duniani. Mwaka 2003 watafiti walimwona huko nyani ambaye sayansi haikumjua, ingawa wawindaji wa hapo walikuwa wakimtaja siku nyingi kwa jina la kipunji. Alitangazwa mwaka 2005. Mwaka huo huo Kitulo ikawa hifadhi ya taifa kwa ajili ya maua yake, na mwaka 2009 Mlima Rungwe ukawa hifadhi ya mazingira asilia. Mahali penye jina huja wageni, na nyuma ya wageni huja wanunuzi wa ardhi. Mtu aliyeuza ekari yake yenye kuangalia mlima atakula fedha ile msimu mmoja au miwili. Kisha mwanawe ataomba kazi ya kufagia pale pale ambapo babu yake alilima viazi. Ardhi ikibaki mikononi mwako, mgeni atakuja kwako. Ikiondoka, wewe ndiye utakayekuwa mgeni.

Tupige hesabu

Sasa tupige hesabu. Namba hizi ni za mfano tu, kila mtu aweke za kwake.

Tuseme dalali ananunua viazi vyako shambani kwa shilingi 500 kilo moja, tena kwa gunia la lumbesa ambalo kilele chake hulipwi. Kilo hiyo moja, ikipikwa nyumbani pamoja na maharage na mboga, inatoa sahani tatu. Ukimuuzia mgeni sahani moja kwa shilingi 3,000, umepata 9,000. Toa 4,500 za maharage, mafuta, kuni na kazi ya mpishi. Zinabaki 4,500. Kilo ile ile imekulipa mara tisa, na hakuna lumbesa kwenye sahani.

Lakini usiruke kwa furaha. Mgeni mmoja hali gunia. Tuseme katika mwaka mzima nyumba yako imelaza wageni usiku 20, kwa shilingi 15,000 kila usiku. Hizo ni shilingi 300,000. Godoro zuri, shuka, blanketi mbili nzito za baridi ya Isongole, taa na beseni vinaweza kula 250,000 kati ya hizo. Maana yake mwaka wa kwanza umelipia vifaa tu. Faida huanza mwaka wa pili, kama wageni wataendelea kuja. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, watalii walipungua sana duniani kote. Aliyekuwa na shamba aliendelea kula. Kwa hiyo usiuze mtamba ili ununue godoro. Mgeni awe kama kuku wa nyumbani: anasaidia kununua chumvi na daftari, lakini hupangi maisha yote juu ya mgongo wake.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, anzeni kwa kikundi, na mgeni apelekwe kwa zamu. Hapa ndipo ile desturi ya vijana wa rika inaporudi: leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Nyumba moja ikichukua wageni wote, wivu utaua kazi kabla ya mwaka kwisha.

Pili, bei ipangwe na kikundi, iandikwe, ibandikwe ukutani. Kiongozi wa njia apate chake, mwenye nyumba apate chake, na kijiji kipate ada yake, kila mmoja akiona hesabu.

Tatu, aliyefanya kazi alipwe. Kama mama ndiye amepika, amefua shuka na kuteka maji, fedha iwekwe mkononi mwake. Ukarimu wa zamani ulimwacha nyuma. Biashara ya leo isirudie.

Nne, usafi. Mgeni hahitaji vigae. Anahitaji choo safi chenye mlango unaofungika, maji ya kunawa na sabuni, maji ya kunywa yaliyochemshwa, maziwa yaliyochemshwa, na kitanda kikavu. Usilaze mgeni katika chumba ulichowekea dawa za shamba au mbegu zilizotiwa dawa. Wala usimwekee jiko la mkaa chumbani usiku kwa sababu ya baridi. Moshi ule usioonekana unaua.

Tano, fuateni sheria. Kabla ya kupokea mtalii wa kwanza, nendeni kwa ofisa mtendaji wa kijiji, kisha halmashauri, muulize leseni na ushuru unaowahusu, na bwana afya aje aone nyumba. Wekeni kitabu cha wageni: jina, atokako, aendako, siku aliyofika. Na mtu yeyote asiingie katika msitu wa hifadhi bila kibali na kiongozi.

Sita, mpe jembe. Nasema kweli. Mtalii huyu ameacha hoteli kwa sababu anataka kuona kazi. Mwonyeshe namna ya kuchagua mbegu ya viazi, kukamua ng'ombe, kuchanganya mboji, kupika mbalaga. Mweleze ugonjwa wa mnyauko na kwa nini unabadilisha mazao shambani. Lakini mpangie tuta lake la kujifunzia, asije akapalilia viazi pamoja na magugu.

Wageni wengi wa mlima huja kiangazi, Juni mpaka Oktoba. Wa maua ya Kitulo huja wakati wa mvua, Desemba mpaka Aprili. Pangeni kalenda ya shamba kwanza, halafu mpange wageni. Siku ya kupiga dawa ya baka jani haimsubiri mtalii amalize chai.

Basi, ndugu mkulima, tumeona mgeni wa ukwangala, mgeni wa amri, mgeni wa gesti na mgeni wa hoteli. Huyu wa tano, mgeni wa shamba, bado hajazoeleka kwetu, na masharti yake hayajaandikwa na mtu. Ni bora yaandikwe na kikundi chenu, mkiwa mmekaa juu ya ardhi yenu, kabla hajafika mwingine kuyaandika kwa niaba yenu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Mwaka uliopita, wageni waliopita kijijini kwenu walilala wapi, na walinunua nini kwenu?

2. Katika nyumba zenu, kazi ya kumhudumia mgeni itamwangukia nani, na huyo atalipwa namna gani?

3. Kikundi chenu kitafanya nini mtu akija kununua ardhi kwa ajili ya hoteli?

4. Kama mwaka mzima hakuna mgeni hata mmoja, nyumba itakula nini?

Zungumzeni, andikeni majibu katika daftari la kikundi, na mkipata shida mwone ofisa ugani wa kata yenu. Mpaka tutakapokutana tena, nawatakia kazi njema. Mugonile!